Kopo la Somo

Kila mtaa wa Mji wa Kale una mtu mmoja anayejiona ana haki ya kushika kidevu cha mwenzake. Wetu, kule Kibokoni, alikuwa Somo. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyemwita kwalo, na mimi sina haja ya kumfanyia heshima ambayo mtaa mzima haukumfanyia. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa mabibi harusi: kuwafunza ya kufunzwa, kuwafukiza udi, na siku saba kabla ya harusi kuwasinga, yaani kuwasugua mwili mzima kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa, waridi, karafuu na marashi ambao ukinukia ngazini hata wa ghorofa ya tatu ajua kuna mwari ndani. Mwilini sina neno. Kutoka shingoni kuteremka chini Somo alikuwa fundi, na atakayesema vingine ni mwongo. Ugomvi wangu naye waanzia kidevuni kwenda juu.

Hakuwa akisalimu kwanza. Alikukamata kidevu kwa kidole gumba, akakugeuzia dirishani penye mwanga kama mtu anayechagua papai Marikiti, na salamu zikafuata baadaye. "Hiki kimekuja lini?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya chunusi yenyewe, na aliuliza mbele ya yeyote aliyekuwapo. Mimi aliniuliza mbele ya mwalimu wangu wa chuoni, mbele ya muuza mkate, na mara moja matangani, maiti hajatoka. Nilijibu kila mara kwa adabu, maana tulilelewa hivyo, na adabu hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Ngozi yangu ni ya kugombana na kila kitu. Jua likichoma huwaka, jasho likitoka hufanya upele, na chunusi zilinianza nikiwa darasa la saba na hazijaniaga sawasawa mpaka leo. Somo alikuwa na sababu tatu za chunusi na alizibadilisha kama kanga: damu chafu, joto la mwili, na haja ya mume. Kwa hesabu yake basi, nilikuwa nikihitaji mume na miaka yangu kumi na mitatu, na daftari la hesabu mkononi. Alinikataza mayai, karanga, embe na samaki wa kukaanga. Yeye mwenyewe alikula vyote hivyo barazani kwake, tena karanga alizitafuna huku akinikataza, na uso wake haukuwa na hata alama. Ningelikuwa na akili wakati ule ningelijiuliza. Lakini nani anayejiuliza, na mtaa mzima wasema Somo kasema?

Alikuwa na misemo yake. Mmoja ulikuwa huu: "Dawa isiyowasha ni maji." Kwa msemo huo alinipaka ndimu. Kwa msemo huo alinipaka dawa ya meno, na unga wa karafuu uliokorogwa kwa siki, na siku moja kitunguu thomu kilichopondwa, kikanitoa malengelenge shavuni. Nikilia, alinipepea kwa kipepeo cha ukindu na kusema, "Yafanya kazi hiyo, mwanangu. Yafanya kazi." Bila shaka ilikuwa ikifanya kazi. Moto pia hufanya kazi ukiuweka juu ya paa la makuti.

Msemo wa pili ulinichukua miaka kuuelewa. Alipenda kusema, "Watu huja kuona uso, hawaji kuona mwaka." Wanawake walicheka wakaona ni maskhara ya harusi. Yalikuwa si maskhara hata kidogo, ilikuwa ndiyo kanuni ya biashara yake yote. Somo alihukumiwa usiku mmoja tu, usiku wa kupamba, pale bibi harusi anapokalishwa jukwaani na wanawake mia tatu wanapita wakimkodolea macho. Uso ukiwa laini usiku huo, Somo kafaulu. Ukiharibika baada ya mwezi, bibi harusi yuko kwa mumewe, na lililompata huko limempata huko.

Na ili uso uwe laini usiku huo, alikuwa na kopo.

Lilikuwa kopo jeupe la plastiki, lisilo maandishi, lenye kifuniko cha buluu kisichokuwa chake. Ndani mlikuwa na krimu nyeupe yenye harufu ya mawaridi. Alisema ni dawa ya wazee, na wazee wakitajwa Mombasa hakuna anayeuliza zaidi. Mimi wazee hao nilikuja kuwaona kwa macho yangu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, baada ya mimi kuolewa, mama akanituma nimpelekee Somo futari. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye karai mlikuwa na tyubu za dawa ya ukurutu, zile za duka la dawa, zimekamuliwa mpaka mwisho na kukunjwa. Zaidi ya kumi. Kando yake kopo la krimu ya watoto wachanga na chupa ya marashi. Wazee wa Somo walikuwa wametengenezwa kiwandani, na walikuwa na tarehe ya kuharibika.

Yeye mwenyewe nilimkuta uani ananawa uso. Kwa maji. Maji matupu ya ndoo, kisha akajifuta kwa ncha ya leso. Nikamuuliza, "Somo, wewe hujipaki kitu?" Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama hula mchanga. "Mimi nipake nini, mwanangu? Ngozi yangu haina makosa." Kisha akapokea sahani ya mahamri akaniombea dua. Ndivyo alivyokuwa. Hakuona aibu, kwa sababu hakuona kuwa kuna jambo.

Na mtu huyuhuyu alikuwa adui mkubwa wa mkorogo. Akimwona mwanamke aliyejichubua akapata uso wa waridi na vidole vya makaa, alitema mate kando akasema mwanamke huyo atamjibu nini Mola wake kwa kubadilisha alichoumbiwa. Alilisema hilo kwa uchungu wa kweli. Kisha akaingia ndani, akafunua kopo lake, akambadilisha mtoto wa watu.

Mimi alinibadilisha nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Siku ya kwanza ya kusingwa alinigeuza dirishani, akamtazama mama. Mama naye akamtazama. Nilikuwa na chunusi shavu zima la kushoto na ngozi nyekundu puani. Wakatoka nje ya chumba wakazungumza, na Somo aliporudi alikuwa na kopo. Siku ya tatu uwekundu ulikuwa umekwisha. Siku ya saba nilikuwa na uso ambao sijawahi kuwa nao tena, laini kama yai lililomenywa. Usiku wa kupamba nilisikia mashallah mpaka masikio yakachoka. Nilimpenda Somo usiku ule. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inanikera kuisema.

Nilipelekwa Buxton, kwenye zile nyumba za baraza la mji, mume wangu alikuwa na vyumba viwili huko. Somo alinipa kopo langu nijipake, nikajipaka mpaka likaisha. Wiki mbili baada ya kuisha, uso ulilipuka. Sina neno jingine. Chunusi zilitoka pasipowahi kutoka, paji la uso, shingoni, kandokando ya mdomo, na ngozi ikawa inawaka hata nikinawa maji ya baridi. Mume wangu, mtu mpole, aliacha kunitazama moja kwa moja tukila. Mawifi walinong'ona kuwa nilikuwa na ugonjwa uliofichwa. Na huku kwetu Kibokoni jibu lilikuwa tayari: ni maji ya Buxton.

Buxton! Ukitoka kwetu asubuhi kwa miguu wafika chai haijapoa. Lakini mtaa mzima ulilikubali jibu hilo, kwa sababu kwetu bibi harusi akiharibika uso, maji ya kwa mumewe ndiyo ya kwanza kushutumiwa, na yasipokuwa maji ni jicho la mawifi. Aliyeolewa Majengo, walisema maji ya Majengo. Aliyeolewa Kizingo, wanakokaa matajiri, walisema maji ya Kizingo. Kisiwa kizima kilikuwa na maji mabaya isipokuwa ndoo ya Somo. Mama alinitumia madumu ya maji kutoka kisima cha msikiti wetu, nikayanawa miezi mitatu, na uso haukujali.

Baada ya hapo sikumwamini Somo, nikawaamini wengine wote, na hapo sijui nani alikuwa mjinga zaidi. Nilinunua sabuni nyeusi, sabuni ya manjano, sabuni ya mwarobaini. Nilisugua uso kwa chembechembe za maganda ya njugu kama anayesugua sufuria. Nilinunua mafuta kwa vijana wanaotandika bidhaa zao Mwembe Tayari, kati ya mabegi na mabasi ya bara, na mafuta hayo yaliponuka petroli nilijiambia ndiyo nguvu yake. Kila kilichoandikwa kuwa ni cha asilia nilikichukua. Upupu pia ni wa asilia, lakini hilo halikunijia kichwani. Na nilikuwa navijaribu vitatu kwa pamoja, kisha uso ukivimba sijui kipi kimeuvimbisha, navitupa vyote vitatu nanunua vitatu vingine. Miaka tisa nilifanya hivyo.

Aliyenitoa huko alikuwa daktari wa ngozi, mama wa bara, mfupi, asiyecheka. Aliniambia nije na kila ninachojipaka. Nilikuja na mfuko. Alivipanga mezani, akasoma kimoja kimoja, kisha akavisukuma vyote upande mmoja kwa mkono wake na hakubakisha hata kimoja. Nikamsimulia habari za kopo. Akaniuliza, "Lilifanya kazi baada ya siku ngapi?" Nikamwambia tatu. "Basi nalijua," akasema. Akanieleza kuwa dawa ile ya ukurutu ina kazi yake na mahali pake, ila ukiipaka usoni siku nyingi hunyamazisha ngozi, huifanya nyembamba, na ukiiacha, ngozi hurudi na hasira zake zote.

Kisha akanipa mambo ya kuchosha kabisa. Sabuni laini ya uso isiyo na harufu, mara mbili kwa siku, kwa vidole na si kwa kitambaa. Mafuta mepesi yasiyoziba vinyweleo, nayo pia hayana harufu. Krimu ya kukinga jua kila asubuhi, hata mawingu yakitanda. Dawa ya chunusi kidogo tu, usiku mmoja ndiyo, usiku mmoja la, mpaka ngozi izoee. Kila kipya nikijaribu kwanza pembeni ya taya chini ya sikio, siku kadhaa, na nisianze cha pili mpaka nikijue cha kwanza. Kikiwasha, nikiache. Matokeo baada ya miezi mitatu. "Miezi mitatu?" nikasema. "Ndiyo," akasema, "na usiziminye." Hakukuwa na udi, hakukuwa na dua wala siri ya wazee, na uso wangu ulitulia, isipokuwa makovu.

Tangu siku hiyo nikawa mhubiri. Jioni tukipunga upepo kando ya bahari, pale Mama Ngina, tukila mihogo ya kukaanga, shoga yangu akilalamika uso, nilimkatiza nikamsomea somo zima la vinyweleo. Somo nilimtaja kila mahali, na kila nilipomtaja niliongeza chumvi. Nilimwita muuaji wa nyuso. Habari zilimfikia, bila shaka. Hakujibu. Mama alipougua mwaka wake wa mwisho, Somo alikuja kila asubuhi akamkanda miguu kwa mafuta ya nazi, na akinikuta mlangoni alinipita akisema tu, "Sabalkheri, mwanangu." Nilijiambia anajikosha.

Sasa nina binti mmoja, na Mungu alimpa ngozi yangu. Nilimlinda. Tangu alipobaleghe hakuna kilichogusa uso wake ambacho sikukisoma kwanza. Nilimwambia habari za kopo mara nyingi hata akawa anazimalizia yeye. Chunusi zilimjia na zikapungua, akasoma chuo akamaliza, akaposwa. Nilitangaza kuwa mwanangu atasingwa mwili na mtu mwingine, na uso hautaguswa. Somo hakualikwa. Isitoshe alikuwa ameacha kazi, macho yamekwisha, na wasichana siku hizi wanakwenda saluni.

Siku sita kabla ya kupamba, mpambaji alikuja kumjaribia vipodozi. Vilikuwa vya harufu, vizito, na nilikuwa sokoni. Kesho yake kidevu cha mwanangu kilikuwa kimevimba, na shavu la kushoto, lilelile lililoniharibikia mimi, limejaa chunusi. Daktari kwa simu aliniambia, "Mwambie anawe kwa sabuni yake, apake mafuta yake, asiguse. Itachukua wiki chache." Nikamwambia sina wiki chache. Akasema, "Ngozi haijui tarehe ya harusi yenu."

Nilimwona mwanangu ameketi mbele ya kioo. Nikafikiria wale wanawake mia tatu. Nikafikiria mamake bwana harusi. Nikavaa buibui, nikamwambia nakwenda kwa fundi cherehani, na baada ya sala ya alasiri nikapanda ngazi za Somo.

"Hodi, Somo."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

Nikataja jina. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. "Njoo karibu nikuone," akasema. "Mato yangu hayafai siku hizi." Nikapiga magoti. Akanikamata kidevu, kidole gumba kikapita juu ya makovu, polepole, moja baada ya jingine.

"Nasikia mwanao yuwaolewa," akasema. "Hamkuniita."

"Hatukukuita."

"Sasa wataka nini kwangu?"

Nililisema haraka ili nisijisikie. "Nataka lile kopo."

Sikuona furaha usoni mwake, nami nilikuwa nimejiandaa kuiona. Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akafungua kabati, akarudi nalo, akaliweka mkekani kati yetu. Hapo ndipo nilipoiona mikono yake. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu, mishipa yote nje, na mabaka ya zambarau mpaka kwenye viganja.

"Nimekoroga kwa mikono hii miaka arubaini," akasema. "Ngozi yake ni kama yako?"

"Ni kama yangu."

"Basi sikiza nikwambie kama nilivyomwambia mamako. Atang'ara. Usiku wa kupambwa watu watasema mashallah. Kisha chunusi zitamrudia, na zitarudi na wenzao."

"Ulimwambia mama?"

"Nalimwambia siku ileile, tulipotoka chumbani. Nikamwambia, mwanao ana ngozi nyepesi, mwache aolewe na chunusi zake. Akanambia, 'Mtie, Somo. Baada ya harusi ni wa mumewe.' Nikakutia."

"Na maji ya Buxton?"

"Hayo aliyazua mamako. Mimi nalimsitiri." Akamumunya midomo kidogo, kama wanavyofanya wazee. "Alikuwa rafiki yangu."

Hasira ilinipanda mpaka nikasahau ni mtu mzima ninayesema naye. "Mbona hukunambia mimi? Wewe ulijua, yeye alijua, na uso ulikuwa wangu! Mbona hukunambia mimi?"

"Na wewe je? Mwanao ajua umekuja hapa?"

Nje, mtu alikuwa akiita bei ya ndizi, na mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya mkeka wa mwanamke niliyemtukana kisiwa kizima, mkono wangu uko tayari juu ya kifuniko.

Niliuondoa mkono. "Silichukui," nikasema.

"Liache. Lakini usende ukasema Somo, Somo. Mimi siendi kuwagongea nyinyi milango. Mwaja wenyewe."

Sikumsamehe siku ile, na sijamsamehe. Mtu asiyejua namhurumia, lakini yeye alijua, akaendelea kupaka, na mabinti wangapi baada yangu walinawa maji ya visima vya misikiti kwa ajili ya uongo alioukubali. Ila nilishuka ngazi zile nikishikilia ukuta kama yeye. Nilitaka kumkasirikia mama nikaona nakasirikia kaburi.

Mwanangu alikuwa bado mbele ya kioo, amenawa, amepaka mafuta yake, kidevu chekundu vilevile. Nikakaa kitandani nikamwambia nilikotoka. Sikumficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka, akinitazama kupitia kioo.

Kisha akaniuliza, "Mama, ungelileta, ungeniambia ni kitu gani?"

Nilimwambia la. Ningemwambia ni dawa mpya ya daktari.